Barua ya wazi: Mgambo wa kulinda nchi amefikaje kwenye beseni la ndizi?

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa,
Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya TAMISEMI,
Kwa wakuu wa wilaya na wakurugenzi wa halmashauri za Tanzania Bara.

Waheshimiwa, shikamooni mnaostahili shikamoo, na wengine habari za kazi.

Nawaandikia nikiwa raia niliyepitia mafunzo ya Jeshi la Akiba, ingawa mtaani hakuna anayeliita hivyo. Tunasema tu mgambo. Cheti ninacho, kwata naikumbuka, na hadi leo nikisikia filimbi alfajiri miguu inataka kutoka mchakamchaka. Kwa hiyo msinisome kama adui wa mgambo. Mimi ni mtu wa ndani aliyechoka kulitetea jina hili vijiweni bila kuwa na la kujibu.

Swali langu ni moja. Mgambo akimpiga mtu, akimwaga sufuria ya mama lishe au akiondoka na mali ya mtu bila stakabadhi, nani anawajibika? Halmashauri iliyomtuma? Mshauri wa mgambo wa wilaya aliyesimamia mafunzo yake? Mtendaji wa kata aliyempigia simu asubuhi? Au ni yeye peke yake, kijana asiye na mshahara, ambaye mambo yakiharibika tutaambiwa si mtumishi wa mtu yeyote? Nalileta kwenu nyote kwa pamoja kwa sababu kila ukimuuliza mmoja wenu peke yake, anamnyooshea kidole mwingine.

Kabla hamjajibu, naomba turudi nyuma. Nimesikiliza hotuba nyingi za kufunga mafunzo ya mgambo, na katika nyingi mgeni rasmi huzungumza kana kwamba jeshi hili liliundwa ili vijana wapate kazi za kulinda mageti. Halikuundwa kwa ajili hiyo.

Tarehe 20 Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, Dar es Salaam, ambayo leo tunaiita Lugalo. Walidai mishahara bora, na walitaka maofisa Waingereza waondoke Waafrika washike nafasi zao. Uasi ukafika Tabora na Nachingwea. Serikali ya nchi yenye uhuru wa miaka miwili na ushei ikalazimika kuomba msaada kwa Waingereza wale wale iliowapokonya bendera, na tarehe 25 Januari makomando wao wakatua kuwanyang'anya silaha waasi. Mwalimu Nyerere hakuificha aibu ile. Jeshi lilivunjwa, na tarehe 1 Septemba 1964 likazaliwa JWTZ, Jeshi la Wananchi tulilo nalo leo, wengi wa askari wake wapya wakitoka Umoja wa Vijana wa TANU. Viongozi walikuwa wameona kwamba bunduki zikikaa mikononi mwa watu wachache waliojitenga na wananchi, nchi nzima inaweza kuamka ikiwa mateka wa walinzi wake.

Miaka sita baadaye likaja la pili. Novemba 1970 Wareno walivamia Conakry, mji mkuu wa Guinea, kutokea baharini. Tarehe 25 Januari 1971 Idi Amin akampindua Milton Obote, Rais wa Uganda, aliyekuwa Singapore kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola. Wareno hao hao walikuwa wametukabili kutoka Msumbiji, ng'ambo ya Mto Ruvuma, na sasa kaskazini kulikuwa na mwanajeshi asiyetabirika. Februari 1971 Halmashauri Kuu ya TANU ikatoa Mwongozo. Hoja yake ya ulinzi ilikuwa nyepesi kueleweka: nchi maskini haiwezi kulipa jeshi kubwa la kudumu, kwa hiyo wananchi wenyewe wafundishwe kuilinda, viwandani, vijijini na maofisini. Mgambo kama tunavyomjua alitoka hapo.

Wazee wanaokumbuka miaka ile watawaambia jinsi wafanyakazi walivyotoka zamu ya mchana wakaenda kwata, karani sambamba na mfagiaji, wanaume kwa wanawake, wengi wakianza na bunduki za mbao kwa sababu za kweli hazikutosha. Kule Mtwara na Ruvuma haikuwa maigizo. Vijiji vya mpakani vilikuwa na mgambo wenye silaha, maana vita vya ukombozi wa Msumbiji vilikuwa ng'ambo tu ya mto na mabomu ya kutegwa ardhini hayakuuliza uraia wa mtu.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo hotuba za mahafali huliruka. Mwongozo huo huo uliomzaa mgambo ndio uliopiga marufuku kiongozi wa Tanzania kuwa jeuri, kudharau watu na kuwaonea. Ni kifungu cha 15, na wafanyakazi wa viwandani walikijua kwa namba. Katika migomo iliyofuata, hadi 1973 hivi, kuna waliowafungia mageti mameneja wao wajeuri na kuwaonyesha kifungu hicho. Waraka mmoja, basi, ulimpa mwananchi silaha ya kumkabili adui wa nje na maneno ya kumkabili mkubwa wa ndani. Waliouandika hawakuona mgongano wowote kati ya hayo mawili. Kwao mgambo alikuwa ni mwananchi mwenyewe, na mwananchi hawezi kujionea.

Sitaki kuipamba historia. Uonevu ulianza mapema kuliko tunavyopenda kukiri. Wakati wa kuhamishia watu vijijini, hasa operesheni za 1973 hadi 1976, mgambo walikuwa miongoni mwa waliotumwa kuwatoa watu kwenye makazi yao ya asili, na kuna mahali nyumba zilichomwa ili wenyewe wasirudi. Na katika kipindi hicho hicho, mwaka 1975, Bunge lilipitisha sheria iliyompa mgambo aliye kazini uwezo wa kukamata na kupekua unaofanana na wa polisi. Msomaji mwenye haraka anaweza kuona hilo ni jambo dogo la kiutaratibu. Mimi naona kwamba kuanzia hapo mgambo alikuwa na kazi mbili zisizofanana hata kidogo, yaani kumngoja adui mpakani na kumkamata jirani yake sokoni, bila yeyote kusema kazi ya pili itakuwa na nidhamu ya nani.

Kazi ya kwanza aliifanya. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yaliingia Kagera, wakaua watu, wakapora ng'ombe na kuvunja daraja la Kyaka. Makumi ya maelfu ya mgambo waliitwa kuongezea nguvu JWTZ. Kila mtoto wa shule anaijua hotuba ya Mwalimu ya sababu, uwezo na nia. Wachache wanajua kilichotokea Lukaya.

Lukaya ni mji mdogo kwenye barabara ya Masaka kwenda Kampala, pembeni ya kinamasi cha Ziwa Victoria. Tarehe 10 Machi 1979 ilikuwa hapo Brigedi ya 201 chini ya Imran Kombe, na karibu brigedi nzima ilikuwa mgambo, wengi wao hawajawahi kuonja mapigano. Jioni Walibya waliotumwa na Gaddafi kumwokoa Amin wakawafyatulia roketi za Katyusha. Nyingi zilipita juu ya vichwa vyao na walioumia hawakuwa wengi, ila mlio wenyewe kwa mtu aliyekuwa shambani kwake miezi michache nyuma ulikuwa kama mwisho wa dunia. Brigedi ikavunjika, watu wakakimbia. Mimi simcheki hata mmoja. La kushika ni la kesho yake: usiku ule walikusanywa, wakapangwa upya, na tarehe 11 Machi, pamoja na Brigedi ya 208 ya Mwita Marwa iliyokuwa imezunguka hadi barabara ya Kampala, wakaurudia mji na kuwavunja Walibya. Tarehe 11 Aprili Kampala ilianguka.

Kwa nini waliokimbia jioni waliweza kushinda kesho yake? Kwa sababu palikuwa na kamanda aliyejua ni watu wake, aliyejua wako wangapi, na ambaye angeulizwa juu yao. Raia wa kawaida aliyefundishwa kidogo akawa askari kamili kwa kuwa alikuwa na mwenyewe. Wenzao ambao hawakurudi wamelala Kaboya, Muleba, pamoja na askari wa kudumu.

Vita vilipokwisha wengi walirudishwa makwao, na nadhani ndipo tulipopoteza njia. Hakuna aliyekaa chini kuamua jeshi hili lifanye nini wakati wa amani, na palipo na watu waliofundishwa na wasio na kazi maalumu, kila mwenye ofisi huwapa kazi yake. Waliokuwa watu wazima kabla ya 2003 wanaikumbuka kodi ya maendeleo, ile tuliyoiita kodi ya kichwa. Mgambo walikuja alfajiri, kabla ya jogoo wa pili, na wanaume walikuwa wanalala migombani wakiwa na blanketi ili wasikutwe ndani. Aliyekamatwa bila stakabadhi alipelekwa ofisi ya kata kafungwa kamba na mwenzake. Kodi ilifutwa, wala mapato ya nchi hayakuporomoka. Mtindo wenyewe ndio haukufutwa. Ulihamia kwenye michango ya madarasa na maabara: asiyechanga anachukuliwa mbuzi, baiskeli, kuku, na siku hizi mtungi wa gesi.

Sungusungu nao, walioibuka mwanzoni mwa miaka ya 1980 Unyamwezini na Usukumani baada ya wizi wa ng'ombe kuzidi na silaha za vita kuzagaa, waliingizwa chini ya mwavuli wa sheria za mgambo kwa marekebisho ya 1989. Sitawajadili hapa, wana barua yao. Nimewataja kuonyesha kwamba kila mara tulipopata kikundi cha ulinzi tusichojua pa kukiweka, tulikisogeza kwenye kapu la mgambo.

Sasa mjini.

Katika mji mmoja wa Kanda ya Ziwa ambao sitautaja, nilikuwa stendi nikisubiri gari. Ikaja kirikuu, wakashuka vijana watatu. Mmoja alikuwa na sare kamili, mwingine amevaa shati la sare na suruali ya jinzi, wa tatu ana yeboyebo miguuni na kizibao cha kuakisi mwanga cha watu wa bodaboda. Walikwenda moja kwa moja kwa mama aliyekuwa ameweka beseni la ndizi mbivu kando ya mtaro, wakalinyanyua na ndizi zake. Hawakumwonyesha karatasi, hawakumwambia kavunja sheria ndogo ipi. Yule mama hakubishana. Alivua kitenge cha begani, akamfunga mtoto mgongoni vizuri, akaanza kuifuata gari kwa miguu, kama mtu anayeijua njia.

Nikamfuata, nikijiambia kwamba mwenye cheti cha mgambo hatafukuzwa. Ofisini beseni lilikuwepo. Ndizi, tukaambiwa, "zimeharibika". Zimeharibika namna gani kwa muda ule sikuelewa, ila maganda yalikuwa kwenye ndoo ya taka na hayakuonekana ya ndizi mbovu. Faini alitajiwa kwa mdomo. Nilipoomba itolewe kontroo namba, ile ya kulipia fedha za serikali, mashine haikuwa na chaji. Nilipomuuliza kijana wa yeboyebo jina lake na namba yake, alinijibu bila hasira yoyote: "Bro, sisi huwa tunaitwa tu." Kwamba ameitwa na nani, hakusema, na sidhani alikuwa ananificha. Baadaye niliuliza upande wa wanaosimamia mafunzo, nikaambiwa kwamba kijana akishahitimu na kuchukuliwa na halmashauri, wao hawahusiki na anachofanya. Halmashauri ikasema ni mgambo, siyo mwajiriwa wao. Na yule wa kizibao, kwa jinsi alivyopiga saluti kwa mkono wa kushoto nilipomtania, nina shaka kama amewahi kukanyaga uwanja wa kwata.

Hapo ndipo penye ugonjwa wenyewe, waheshimiwa. Askari polisi akinikamata nina pa kuanzia. Ana namba yake, ana kituo chake, kuna kitabu cha taarifa kituoni, kuna mkuu wake. Mgambo ana uwezo unaofanana na wake mbele ya beseni la ndizi, lakini hana namba, hana kitabu, wala hakuna anayesema "huyu ni wangu". Katiba yetu, ibara ya 13, inakataza mtu kuteswa au kupewa adhabu za kumtweza. Ibara ya 24 inalinda mali ya mtu, na sijaona mahali inaposema mali ya barabarani haihesabiki. Na kuna ibara ya 147, ambayo naomba mawakili wenu waisome wakiwa wametulia: ni marufuku kwa mtu, shirika au kikundi chochote kuunda jeshi, isipokuwa Serikali. Kama Serikali peke yake ndiyo yenye ruhusa ya kuliunda, basi haiwezi kumkana anayevaa sare yake siku akitenda vibaya.

Msiniambie kwamba wakubwa hawawezi kuwajibika kwa makosa ya wadogo wasiowaona. Katikati ya miaka ya 1970 watu walikufa mikononi mwa vyombo vya usalama katika upelelezi wa mauaji kule Shinyanga. Ali Hassan Mwinyi, Waziri wa Mambo ya Ndani, hakumgusa hata mmoja wao, lakini alijiuzulu. Miaka michache baadaye nchi ilimpa urais. Desemba 2013, baada ya unyama uliofanyika katika Operesheni Tokomeza, ile ya kupambana na majangili, kusomwa bungeni, mawaziri wanne waliondoka, na wa Ulinzi alikuwamo. Kwa hiyo desturi tunayo. Tunaitumia damu ikimwagika nyingi na Bunge likipiga kelele. Sufuria la mama lishe halijawahi kumwondoa kazini hata ofisa biashara.

Najua hoja ya upande wa pili, na ni ya kweli kiasi. Miji yetu imejaa. Mkurugenzi ana barabara zilizozibwa, ana mifereji iliyofukiwa na taka, ana agizo la mkoa mezani, na hana bajeti ya kuajiri askari wa kutosha. Mgambo ni rahisi: analipwa posho ya siku, hana pensheni, hana likizo. Tulijaribu njia nyingine pia. Desemba 2018 vilitolewa vitambulisho vya wajasiriamali kwa shilingi 20,000, na kwa muda mwenye kitambulisho shingoni aliweza kuuza bila kukimbizwa. Mwaka 2021 likaja zoezi la kuwapanga upya wamachinga, vibanda vikahamishwa. Sina ugomvi na mji kupangwa. Ninachosema ni kwamba mkurugenzi anayehitaji watu wa kusimamia sheria ndogo aajiri askari wa halmashauri, awape mkataba, namba kifuani na mafunzo ya sheria hizo ndogo, kisha akubali kushtakiwa kwa jina lake wakikosea. Unafuu wa mgambo anaoupigia hesabu unalipwa na mwingine, na mwingine huyo ni yule mama wa stendi.

Na unalipwa na kijana mwenyewe. Mnajua mafunzo yale yalivyo. Ni miezi kama minne kwenye uwanja wa shule ya msingi au viwanja vya kata, kuanzia giza halijatoka. Kwata, usomaji wa ramani, ujanja wa porini, huduma ya kwanza, silaha, siku za mwisho kulenga shabaha. Kuruta wengi ni watoto wa wakulima waliomaliza kidato cha nne na hawana pa kwenda. Kule nilikofundishwa, sare na chakula vilitoka mifukoni mwa wazazi wetu. Kuna mwenzangu ambaye mama yake aliuza cherehani. Siku ya kufunga, jukwaa linapambwa, tunapita kwa mwendo wa pole na wa haraka, tunaonyesha singe na kuvunja matofali kwa mikono, na mgeni rasmi anaahidi kwamba wahitimu watapewa kipaumbele kwenye ajira. Kila mwaka nasikia ahadi hiyo ikitolewa kwa maneno yale yale, na mwaka mmoja nusura niimalizie kabla yake.

Kinachofuata mnakijua. Kampuni za ulinzi zinataka mtu aliyepita mgambo au JKT, kwa hiyo cheti kile kimekuwa karatasi ya kuombea lindo la usiku kwa mshahara usiotosha nauli na chumba. Wasiopata lindo ndio hao wanaoitwa asubuhi na mtendaji. Mtu asiye na mshahara, aliyepewa kirungu na ruhusa ya kuchukua mali za watu, atakula ndizi zile. Hilo wala halihitaji tume.

Nchi hii inamhitaji mgambo kwa mambo ambayo hakuna mwingine anayeweza kuyafanya haraka kama yeye. Desemba 2023 tope lilishuka kutoka Mlima Hanang likafunika makazi ya Katesh, na zaidi ya watu 80 wakafa. Aprili 2024 Rufiji ilifurika, mashamba na nyumba vikaenda na maji. Novemba 2024 ghorofa liliporomoka Kariakoo, tukaona watu wakivunja zege kwa nyundo na mikono mitupu huku waliofukiwa wakisikika chini. Wilaya gani haina mgambo? Kata gani? Ni kikosi pekee ambacho tayari kinaishi mahali maafa yanapotokea, kimefundishwa huduma ya kwanza na kutii amri, na kinajua mzee gani hawezi kutembea na nyumba ipi ina watoto. Kariakoo kulikuwa na mgambo wanaoijua kila kona na kila ngazi ya soko lile, kwa sababu wamekimbizana humo na wamachinga miaka nenda rudi. Hebu fikirini wangekuwa wamefundishwa kuokoa watu kwa bidii ile ile.

Ninayoomba hayahitaji fedha nyingi. Kila wilaya iwe na daftari la mgambo wake, la wazi, lenye jina na namba, na namba hiyo ionekane kwenye sare. Asiye kwenye daftari akikutwa amevaa sare ashtakiwe, na aliyemtuma ashtakiwe naye. Mgambo asitumwe kukusanya michango, ushuru wala faini, mahali popote, kwa kisingizio chochote. Akiitwa kazini na ofisi ya umma, wito uwe wa maandishi, wenye sahihi ya ofisa atakayejibu kwa lolote litakalotokea, na alipwe siku hiyo hiyo kwa kiwango kinachojulikana. Akiumia au akifa kazini, familia yake isianze kuzunguka na bahasha ofisi hadi ofisi. Mafunzo yaongezewe uokoaji kwa uzito ule ule wa silaha. Na gharama za sare zitoke serikalini, maana haielekei taifa kumuuzia mtu nguo za kulilinda.

Ukiniuliza lipi lianze, nitasema ile sahihi. Mkilifanya hilo peke yake mwaka huu, mtaona ni wakurugenzi wangapi watagundua ghafla kwamba hawahitaji mgambo wa kukimbiza mabeseni.

Upande wa Zanzibar kuna Kikosi cha Valantia, KVZ, ndani ya Idara Maalum za Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Nao hawakosi malalamiko ya raia, hasa nyakati za uchaguzi, lakini walau anayelalamika anajua ni kikosi gani na mkuu wake yuko ofisi gani. Huku Bara hata hapo hatujafika.

Hotuba za bajeti za wizara zenu mbili zitasomwa Dodoma kabla ya Julai. Nitakuwa nasikiliza redioni, nikiwa lindoni. Katika ya Ulinzi natarajia kusikia kauli kuhusu daftari na fidia. Katika ya TAMISEMI, kuhusu michango, faini na ile sahihi. Nikisikia tu kwamba vijana kadhaa wamehitimu mafunzo ya Jeshi la Akiba na wameaswa kuwa wazalendo, nitaandika tena, na barua hiyo nitamkabidhi mbunge wangu mkononi.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mhitimu wa Jeshi la Akiba, Kanda ya Ziwa